Kutengeneza na Uliyemkosea: Hatua za Toba Inayofika Hadi kwa Mtu

Ukimwibia jirani mbuzi, kisha ukatubu kanisani kwa machozi, jirani bado hana mbuzi. Toba nyingi huishia hapo: zinapanda mbinguni bila kuvuka ua. Torati haikuruhusu mkato huo. Katika Walawi 6, aliyedhulumu alitakiwa amrudishie mwenye mali, na siku hiyohiyo apeleke sadaka yake ya hatia kwa kuhani. Katika Mathayo 5:23-24 Yesu anamwambia mtu aiache sadaka mbele ya madhabahu, aende kwanza akapatane na ndugu yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1459, inafundisha vivyo hivyo kuhusu kitubio, yaani sakramenti ya kuungama kwa padre: ondoleo linafuta dhambi, lakini halitengenezi madhara yote yaliyoletwa na dhambi. Na Walokole wa uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda, ukaenea Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930, walijulikana kwa kurudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Kazi hiyo wenyewe huiita kutengeneza.

Wapo wanaojikinga na Zaburi 51, pale mwandishi anapomwambia Mungu kwamba amemtenda dhambi yeye peke yake. Wasome pia 2 Samweli 12, habari ambayo kichwa cha zaburi hiyo kinaitaja. Nathani alipomsimulia Daudi habari ya tajiri aliyechukua mwanakondoo wa maskini, hukumu iliyomtoka Daudi papo hapo ilikuwa kwamba mtu huyo anastahili kufa, tena alipe mara nne. Alijua kabisa kwamba kuna mtu wa kulipwa. Shida yake ni kwamba Uria, ambaye Daudi alimchukulia mke kisha akapanga auawe vitani, alikuwa ameshakufa.

Orodha kabla ya machozi

Chukua karatasi, si simu inayoshikwa na watu wengine nyumbani. Chora safu nne: nimemkosea nani, nilifanya nini hasa, yeye alipoteza nini, kipi kati ya hicho kinaweza kurudishwa. Safu ya tatu ndiyo inayorukwa mara nyingi, nayo ndiyo yenye kazi. Aliyesingiziwa wizi dukani hakupoteza jina tu. Huenda alipoteza ajira, mshahara wa miezi kadhaa, na mtoto akarudishwa nyumbani kwa ada. Usipoyajua hayo utaenda kuomba msamaha wa jambo dogo kuliko ulilotenda, na mwenzako atalisikia pengo hilo mara moja.

Andika tendo lenyewe, si tabia. “Nina kiburi” haina mtu wa kuendewa. “Nilimwambia fundi mbele ya wateja wake kwamba ni mwizi, na nilijua si kweli” ina mtu, ina mahali, na ina mashahidi.

Anza na yale unayoyajua kwa hakika. Usichimbue kila ugomvi wa utotoni. Wako watu wenye dhamiri isiyotulia ambao orodha kama hii huwatesa: kila wakimaliza ukurasa wanakumbuka mengine, na wakishaungama wanaona hawakuungama vizuri. Mtu wa namna hiyo asiandike peke yake. Ampelekee padre, mchungaji au mlezi mmoja wa kiroho, huyo amwekee mpaka, naye atii mpaka huo.

Kisha ungama kwa Mungu ukifuata orodha, jambo kwa jambo. Mkatoliki aipeleke kwenye kitubio na amwulize padre waziwazi: “Nirudishe nini, kwa njia gani?” Malipizi anayopewa pale, sala au tendo la huruma, hayachukui nafasi ya kurudisha mali. Ni mambo mawili. Mlutheri au Mwanglikana asiridhike na ungamo la pamoja la ibada ya Jumapili ikiwa kuna jambo linalomkaba. Aombe kuonana na mchungaji faragha. Karatasi ichome baada ya kazi kwisha.

Nani aambiwe, nani asiambiwe

Kanuni ya wazee wa ushirika wa uamsho ni nzuri: ungamo liwe na upana wa kosa. Kosa la siri kati yenu wawili litengenezwe kati yenu wawili. Kosa lililofanywa mbele ya kikundi lirudi mbele ya kikundi hichohicho. Kosa lililobaki moyoni mwako, ambalo mwenzako hakulijua wala halikumgusa, libaki kati yako na Mungu. Kumfuata mtu na kumwambia “nimekuchukia miaka mitano, nimekuja kutubu” ni kumtwika mzigo ambao hakuwa nao. Wewe utaondoka mwepesi, yeye hatalala.

Makosa ya hadharani ya siku hizi hutokea kwenye makundi ya WhatsApp. Ukimchafua mtu kwenye kundi la jumuiya au la ukoo, kumpigia simu kwa siri hakutoshi, maana waliosoma uongo hawatasikia marekebisho. Mpigie kwanza yeye, mkubaliane maneno, kisha uandike palepale, kwa ufupi, bila kuurudia uongo wote: “Juzi niliandika hapa kuhusu mama fulani. Nilichosema si kweli. Sikuwa na ushahidi. Nimemwomba radhi, na nawaomba ninyi mliolisambaza mlifute.” Sentensi nne zinatosha. Ukiandika aya sita, watu watajadili aya sita.

Ungamo la hadharani lina hatari nyingine: kutaja watu wasiohusika. Ukisimama kwenye ushirika kutubu uzinzi na kumtaja mwenzako, umetubu dhambi moja na kutenda ya pili. Simulia sehemu yako tu, bila jina la mtu mwingine na bila picha za kitandani. Uamsho wenyewe ulilaumiwa sana kwa maungamo ya namna hiyo, na lawama hiyo ilikuwa ya haki.

Katika ndoa, aliyetoka nje asimwage yote usiku mmoja kwa sababu roho imemsukuma. Atafute mshauri anayeaminiwa na wote wawili, apange siku, na aseme ukweli bila maelezo ya kina. Kuna jambo moja tu lisilongoja ratiba: hatari ya maambukizi. Kama mwenzi anaweza kuwa ameambukizwa, mzuie kwanza asiendelee kuwa hatarini, mwambie mapema, mwende kupima.

Hesabu ya fidia

Hapa Biblia ina tarakimu, na ni vyema kuzijua kabla ya kubuni zako. Aliyekamatwa na mnyama aliyemwiba akiwa bado hai alilipa mara mbili (Kutoka 22:4). Aliyekwisha kumchinja au kumwuza alilipa ng'ombe watano kwa mmoja, au kondoo wanne kwa mmoja (Kutoka 22:1). Lakini aliyekiri hatia yake alirudisha kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano (Walawi 6:5, Hesabu 5:7). Tofauti ni kubwa, na sababu yake inaonekana: sheria ilimfungulia mlango anayekuja kabla hajakamatwa. Zakayo, katika Luka 19:8, hakuchukua kiwango hicho chepesi. Alijihukumu kwa kipimo cha mwizi wa kondoo, mara nne, na nusu ya mali yake akawapa maskini.

Mkristo hafungwi na viwango hivyo kama sheria ya nchi, ila vinampa pa kuanzia. Ulichukua shilingi 300,000 za kikoba? Sehemu ya tano ni 60,000. Rudisha 360,000. Nyongeza hiyo inafidia usumbufu, na inakuzuia kujiambia kwamba “uliazima” tu.

Kwa deni la miaka mingi, usilipe bei ya zamani. Mbuzi aliyeibwa mwaka 2010 analipwa kwa mbuzi wa leo, wa umri na afya ileile, si kwa noti alizouzwa nazo siku ile. Kitu kilichokuwa kinazalisha, kama cherehani, pikipiki au ng'ombe wa maziwa, kinadai pia pato alilokosa mwenyewe. Hapo hesabu zako peke yako hazifai. Mwulize yeye, au mkae na mzee mmoja anayejua bei.

Kama huna fedha, sema hivyo na ulete mpango, si ahadi. “Nitalipa Mungu akinijalia” si mpango. “Nitalipa 30,000 kila tarehe 5 kwa miezi 12, kuanzia mwezi ujao” ni mpango, na unafika 360,000 kamili. Uandikwe nakala mbili, zisainiwe mbele ya shahidi. Paulo alipojitwika deni la Onesimo aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa (Filemoni 18-19). Mtume hakuona aibu kuandika, nasi tusione. Kosa la kawaida hapa ni kuahidi kiasi kikubwa siku ya machozi na kukwama mwezi wa tatu. Chukua kiasi unachoona unaweza, kipunguze kidogo, kisha usikose hata mara moja.

Je, lazima ujitaje? Kwa mali iliyoibwa kwa siri, mafundisho ya Kikatoliki ya tangu zamani huruhusu kurudisha bila kujitaja, mradi mali imfikie mwenyewe na hakuna mtu mwingine anayeshukiwa kwa ajili yako. Akiwapo anayeshukiwa, kunyamaza kwako ni kumsingizia. Njia iliyozoeleka ni kupitia padre au mchungaji. Usidhani utajificha kwa kutuma kwa simu: ujumbe wa muamala hubeba jina lako.

Na fedha iliyoibwa haisafishwi kwa kuitolea zaka. Ina mwenyewe. Kodi uliyokwepa inalipwa kwa mamlaka ya kodi, kwa utaratibu wao wa malipo, na stakabadhi inatunzwa. Nauli uliyomkwepa kondakta usiyemjua, hiyo ndiyo inaweza kwenda kwa maskini.

Ardhi ina shida yake. Aliyesogeza mpaka, jambo ambalo Kumbukumbu la Torati 27:17 linalilaani kwa jina, asimalizie kwa kupeana mikono. Mpaka urudishwe mbele ya majirani wa pande zote, alama zipandwe upya, na karatasi iandikwe mbele ya uongozi wa kijiji. Wasipofanya hivyo, watoto wenu wataanza ugomvi upya wakiwa na kumbukumbu mbili tofauti.

Maneno yenyewe

Mwana mpotevu alitunga maneno yake kabla hajaondoka kwenye nguruwe: “Baba, nimekosa juu ya mbingu na mbele yako, sistahili kuitwa mwana wako tena” (Luka 15). Hakutaja njaa ya nchi ile, marafiki waliomla, wala kaka yake. Iga mpangilio huo. Taja tendo, taja madhara, kiri kwamba ni lako, sema utarudisha nini na lini, omba msamaha, nyamaza.

Kwa mfano, kijana aliyemdhulumu mama aliyempangisha chumba: “Shikamoo mama. Nimekuja kwa jambo zito. Mwezi wa nne niliondoka usiku bila kulipa kodi ya miezi miwili, na ufunguo nikaondoka nao. Najua ulivunja kitasa kwa gharama yako. Nilifanya makusudi. Nimeleta kodi yote na bei ya kitasa. Naomba unisamehe, mama.” Kisha angoje. Mama akianza kufoka, asimkatize. Akitaja jambo ambalo kijana hakulikumbuka, jibu ni “ndiyo, na hilo pia”, kama ni kweli.

Maneno yanayoharibu yanajulikana. “Kama nilikukosea” linatilia shaka kosa ulilokuja kulikiri. “Tusameheane” linamgawia mwenzako nusu ya hatia. “Shetani alinipitia” linamtaja mshtakiwa mwingine. “Lakini na wewe” linafuta yote yaliyotangulia, hata kama naye alikosa kweli. Kosa lake lina siku yake na mahali pake. Baya kuliko yote ni “Biblia inasema usiposamehe nawe hutasamehewa”. Aya hiyo ni ya kweli, ila haifai kusomwa na mdaiwa kwa mdai wake.

Usiende kwenye msiba, harusini, wala siku ya mgeni mkubwa. Usiende mtu akiwa amekunywa. Kwa mtu mzima aliyekuzidi umri, kwenda na mjomba, shangazi au mzee wa kanisa ni heshima, na ni kinga iwapo mambo yatachemka. Kwa mdogo wako, nenda mwenyewe. Mzazi anayemwomba mwanawe radhi kupitia mtu wa tatu amebakiza heshima yake na kupoteza kusudi.

Mila zetu zina alama za kuomba msamaha, na nyingine ni nzuri sana. Uchagani, anayeomba radhi hupeleka jani la sale, mmea uleule unaopandwa mipakani, na ni vigumu mtu kulikataa. Ugumu huo ndio wa kuangalia. Alama inayomlazimisha mwenzako aseme “ndiyo” mbele ya ukoo inaweza kumfunga mdomo kabla hajalipwa. Fidia itangulie, sale lifuate.

Mfano kamili katika Biblia ni Yakobo akimwendea Esau, Mwanzo 32 na 33. Alitanguliza wanyama 550, ukiacha wana wa ngamia: mbuzi majike 200 na mabeberu 20, kondoo majike 200 na madume 20, ngamia 30 na wana wao, ng'ombe 40 na mafahali 10, punda majike 20 na wana punda 10. Aliwapanga makundi makundi, na nafasi kati ya kundi na kundi. Akainama hadi nchi mara saba. Esau alipokataa zawadi, Yakobo alimsihi apokee, na akaiita baraka yake. Baraka ndiyo aliyokuwa ameiba. Baadaye Esau akarudi Seiri, Yakobo akaenda Sukothi. Hawakuhamia boma moja. Walikutana tena kumzika baba yao, Isaka.

Pale usipotakiwa kwenda mwenyewe

Aliyembaka, kumpiga au kumtishia mtu asimfuate “kutubu”. Kuonekana kwake tu mlangoni ni pigo jingine. Kama mkosewa ametaka umbali, au mahakama imeuamuru, kuheshimu umbali huo ni sehemu ya fidia. Ujumbe wowote upite kwa mtu ambaye mkosewa mwenyewe amemchagua, na usipochaguliwa mtu, hakuna ujumbe.

Kosa la kingono dhidi ya mtoto halimalizwi na wazee wa kanisa wala kwa mbuzi wa kupatana. Linakwenda polisi, Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupigwa bila malipo Tanzania na Kenya. Mchungaji anayewaita wazazi “wayamalize nyumbani” anamwachia mkosaji nafasi ya mtoto wa pili. Padre hawezi kufichua alichosikia kwenye kitubio, lakini anaweza kumsihi aliyeungama ajipeleke mwenyewe.

Aliyeiba kazini ajue kwamba kukiri kunaweza kumfikisha mahakamani, na toba haimpi haki ya kudai asishtakiwe. Aonane na wakili kabla ya kuandika barua. Hilo si ujanja. Wakili atamsaidia kusema ukweli kwa namna ambayo haitamwingiza mwenzake asiye na hatia, na kupanga malipo yanayokubalika kisheria.

Akikataa

Akikataa kukusamehe, lipa vilevile. Deni lilikuwa lake kabla ya msamaha na linabaki lake baada ya kukataa. Akikataa fedha pia, usizitupe mlangoni. Mwambie shahidi zipo, zitunze kwa muda mliokubaliana, kisha rudi mara moja kuuliza. Mara moja. Kurudi kila wiki ni kumsumbua. Usiwatume ndugu zako wamshinikize, na usimtangaze kanisani kuwa ni mgumu wa moyo. Mathayo 18:15-17, utaratibu wa kwenda peke yako, kisha na mashahidi, kisha kuliambia kanisa, umepewa aliyekosewa. Mkosaji akiutumia ameugeuza.

Akikusamehe, usidai mambo yarudi kama zamani siku ileile. Mhazini aliyekula fedha za kikundi anaweza kusamehewa kabisa na bado asikabidhiwe sanduku tena. Akikasirika kwa hilo, alikuja kutafuta ufunguo. Na pale kanisa lilipomweka mtu chini ya nidhamu, kurudishwa kundini kuna hatua zake kwa mchungaji na baraza la wazee; kupatana na jirani hakuzifuti, wala hatua hizo hazifuti deni la jirani.

Aliyekosewa amekufa

Mali inakwenda kwa warithi. Mtafute msimamizi wa mirathi, si ndugu wa kwanza unayekutana naye barabarani, maana ukimpa huyo unaweza kuwa umewadhulumu watoto. Mkabidhi mbele ya shahidi na uchukue maandishi. Kama ulimchafua marehemu jina, nenda kwa watoto wake useme ukweli, kisha kwa wale uliowaambia.

Hesabu 5:8 inataja hali ambapo hakuna jamaa wa kupokea: fidia ilikuwa ya Bwana, kwa ajili ya kuhani. Leo ielekeze kwa maskini, na ikiwezekana kwa kitu kinachofanana na kosa. Uliyekula fedha za dawa za mgonjwa, lipa bili ya mgonjwa asiye na ndugu, moja kwa moja kwenye dirisha la malipo la hospitali, na stakabadhi iandikwe kwa jina la mgonjwa.